Pampu ya Joto ya Bwana Mkurugenzi

Wananchi na wasio wananchi mnatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Juni, baridi iliyomo nyumbani kwa Mkurugenzi wa Vibali vya Kutoka, Lilongwe, ni suala la kitaifa.

Tangazo hilo lilibandikwa hadi Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na Ndikuriyo, fundi wa friji, alilisoma mara mbili kwa adabu zote. Yeye naye alikuwa na suala, ila halikuwa la kitaifa. Binti yake Gabriella alikuwa anaolewa Jumamosi kanisani Kawale, mjini Lilongwe, na ombi la baba la kutoka kambini kwenda kumsindikiza lilikuwa linashughulikiwa tangu Machi. Kila alipouliza aliambiwa liko mezani. Roho ilimuuma, akarudi kwenye friji zake.

Mkurugenzi alikuwa na pampu ya joto, mashine ya kisasa inayochota joto nje na kuliingiza ndani. Sasa iliingiza baridi. Kamati ya Tathmini ya Ubaridi ikaundwa upesi. Mashine ilikuwa inamulika E4, alama ya hitilafu. Kamati ikaelewa kwamba inaomba wajumbe wanne zaidi, wakaongezwa. Ikakaa vikao sita, ikanywa chai, ikapendekeza Mkurugenzi avae koti. Alivaa. Utekelezaji ulifikia asilimia mia moja, na meno yaliendelea kugongana.

Ndipo mtu akamkumbuka fundi wa Dzaleka. Kibali chake cha kwenda kutengeneza kilitoka kwa dakika kumi, cha siku moja, kisichohusu harusi.

Alifika Alhamisi, akavua kofia, akaomba kuonyeshwa sehemu ya nje ya mashine. Hakuiona. Baraza yote ya nyumba ilijaa maboksi ya makaratasi hadi dirishani. Mkurugenzi, kwa Kiswahili alichokichuma masomoni Mbeya, alieleza kwa fahari kwamba mashine iko nyuma ya maboksi: ameificha, maana hajazaliwa mwizi wa kuiba maombi ya wakimbizi. Fundi akachungulia. Mashine ilikuwa imeganda barafu, haina hata upenyo wa kuvuta hewa. Na boksi la juu liliandikwa Machi.

Fundi akamgeukia Mkurugenzi.

"Patron, mashine haiko mugonjwa. Inakosa kupumua, njo maana inaleta baridi. Hii makaratasi yote itoke hapa."

Mkurugenzi akasikitika sana. Waraka namba tisa, alioutunga mwenyewe, unasema ombi lisilosainiwa halisogezwi.

"Basi isainiwe," akasema Ndikuriyo. "Mi nitangojea. Baridi pia itangojea."

Mkurugenzi akafikiria kanuni, akafikiria magoti yake, akaketi. Alisaini mpaka wino ukaisha, akaletewa kalamu nyingine. Fundi alibeba boksi kwa boksi hadi kwenye gari la ofisi. Karatasi yake ya harusi aliipokea kwa mikono miwili. Kufikia saa kumi barafu iliyeyuka, E4 ikazimika, na nyumba ikapata joto la kuivisha ndizi.

Jumamosi, Ndikuriyo alimshika Gabriella mkono hadi madhabahuni, akalia kidogo, halafu akacheza mpaka soli ya kiatu ikaachia. Nusu ya Dzaleka ilikuwepo, kila mtu na kibali chake mfukoni.

Mkurugenzi alialikwa, hakufika. Mashine sasa ilikuwa wazi barazani, na wezi wa Lilongwe hawafanyi kazi kwa vikao. Alikaa nje kwenye kiti, na koti lake, akiilinda, huku Kamati ikiota joto sebuleni. Mchana akaomba kupumzishwa zamu. Mkewe alimjibu dirishani, kwa heshima zote, kwamba ombi lake liko mezani.