Jedwali Langu Liliishia Kwenye Mistari

Leo nimeumbuka mbele ya darasa zima la kidato cha tatu. Ninyi wenzangu mliobaki kijijini Namswea, isomeni barua hii taratibu, maana mimi mwenyewe bado sijaielewa siku yangu.

Leo mwalimu wa Fizikia alikuwa anachagua wa kuendelea na sayansi. Mimi nilishamwambia baba nitakuwa daktari (naye ameshawaambia wanunuzi wapya wa kahawa, mmoja mmoja).

Wiki mbili zilizopita nilimwomba Gaudensi, rafiki yangu wa kitanda cha juu, anifundishe umeme. Akasema, "Hata mimi sijasoma, ndugu yangu." Daftari lake limejaa matone ya mshumaa. Wavulana wetu wote wako hivyo, hawasomi, halafu wanafaulu. Sijui wanafanyaje.

Nikaenda kwa wasichana. Wanasoma kwa pamoja baada ya chakula, na asiyeelewa anaelezwa mpaka aelewe. Skolastika akasema, "Karibu, kaka. Kaa hapa."

Nikakaa, nikachukua rula. Mnajua ngoro zetu, yale mashimo ya kulimia kule mlimani: wanaume tunakata majani na kuyapanga miraba, kina mama wanachimba na kuyafukia kwa udongo. Basi, mimi nilipiga mistari ya majedwali, wao wakajaza. Wiki mbili nzima. Niliona tunakwenda vizuri sana.

Leo nikaitwa ubaoni.

"Chora jedwali la volti na mkondo, kisha utafute ukinzani."

Nikachora. Mistari imenyooka, vichwa vya safu nimevipigia mstari mara mbili. Darasa kimya (nilidhani ni heshima). Nikaweka chaki chini, nikapangusa mikono, nikasogea pembeni.

"Endelea," mwalimu akasema.

"Nimemaliza, mwalimu. Sasa anakuja Skolastika."

"Aje kufanya nini?"

"Kujaza."

Gaudensi alicheka mpaka akapiga dawati kichwa. Wavulana wote wakamfuata. Wasichana hawakucheka. Skolastika akasimama: "Mwalimu, kosa ni letu pia. Tulimwachia rula siku zote." Hapo ndipo nilipotamani sakafu ipasuke. Kuchekwa nimezoea, kutetewa sijui unaweka wapi uso.

Mwalimu amenipa mpaka Jumatatu. Nikishindwa kujaza mwenyewe, sayansi basi.

Mlangoni Gaudensi akanishika bega: "Usijali, hata mimi nisingeweza." Jibu lilikuwa kwenye daftari lake, limezungushiwa duara. Skolastika yeye hakunipa pole hata moja. Amenipa maswali kumi na kuninyang'anya rula. Sasa sijui kati yao nani kanisaidia na nani kaniadhibu.

Naomba msicheke. Na baba asiambiwe, maana ndiye aliyenifundisha kwamba majani yakishapangwa, mwanamume anakwenda kupumzika.