Kina Suparman Sitini na Watatu

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepewa cheo! Mlezi wa Data za Wateja. Sijui maana yake. Pak Hardoyo, bosi wetu hapa kampuni ya maji ya kunywa mjini Semarang, amebandika ukutani mchoro wa mifumo yote ya kampuni. Visanduku, mishale, mishale inayorudi ilikotoka. Kasema kila kisanduku cha data lazima kiwe na mtu mmoja wa kukijibia. Cha Wateja kimeandikwa Ngadimin. Ndimi huyo, kwa penseli. Ijumaa ataniandika kwa wino, au atamwandika Bu Wulandari wa ghala, mwenye kisanduku cha Bidhaa tayari na bado anakitolea macho changu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemuuliza Bu Wulandari mlezi hufanya nini hasa. Akasema, "Mas, kaka yangu, kulea ni kulea. Unamjua kila mtoto wako." Hakunisaidia hata kidogo. Nimefungua orodha. Suparman, Suparman, Suparman. Sitini na watatu, wote nafasi ya jina la pili tupu. Bila shaka ni mtu mmoja kaandikwa mara sitini na tatu. Mimi mwenyewe nina jina moja, kama wengi wa huku kwetu, lakini niko mmoja tu. Nimewaunganisha wote. Orodha imepungua, roho imetulia.

Jumatano, 6 Agosti
Mitungi sitini na mitatu ya maji imeshushwa kwa Suparman mmoja, mwalimu mstaafu wa Ungaran. Mlango wake haufikiki. Wengine sitini na wawili wanapiga simu, hawana maji. Nimemweleza Pak Hardoyo kwamba kosa liko kwenye mchoro, pengine mshale. Akautazama mchoro, akanitazama mimi, akachukua kifutio. Bu Wulandari akaniombea siku mbili nirekebishe. Anitetee kwa nini? Lazima ana lake jambo.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimerudisha orodha ya zamani, kisha nimezunguka mitaa na dereva kuwatafuta kina Suparman. Kila jirani ananiuliza, "Suparman yupi, Mas? Yule bahili au yule kisirani?" Nilichanganyikiwa mpaka mchana, ndipo nikaelewa. Kumbe majina ya pili wanayo, ila ofisini hakuna aliyewahi kuyaandika. Nimeyaandika yote. Sijawahi kuwa na furaha hivi kazini.

Ijumaa, 8 Agosti
Orodha imejaa. Suparman Bahili. Suparman Kisirani. Suparman Kipara. Suparman Anayemwogopa Mkewe, ila nafasi haikutosha, amebaki Suparman Anayemwogopa. Pak Hardoyo aliuliza kama kuna nafasi tupu, nikasema hakuna hata moja, akaniandika kwa wino. Bu Wulandari aliomba aipitie orodha kwanza. Nikamkatalia. Kila mtu na kisanduku chake.

Vibandiko vya mitungi vimeshachapwa, majina kamili kwa herufi kubwa, nayo inaondoka kesho asubuhi. Nimeomba niende na gari mwenyewe. Nataka kuziona nyuso zao watakapojua kwamba sasa tunawajua.