Shangazi Scolastika na Madoa Yasiyo Idadi

Tulieni, enyi watu wa Tinde na Kahama, nanyi mliozama mashimoni Bugarama pandeni juu mara moja, maana nasimulia vita vilivyopiganwa juu ya kisanduku kimoja cha fomu, chenye upana wa kidole gumba!

Jumamosi hiyo tukufu, Boaz mwana wa Maganga alifika kwenye kizuizi cha mifugo cha Tinde akimswaga mtamba mweupe mwenye madoadoa meusi kuanzia puani hadi mkiani, na ng'ambo ya kizuizi lori la Fuso likimngoja. Alikuwa ng'ombe wa mwisho wa mahari. Kule Kahama, bibi wa Loveness, binti aliyemchumbia, alikuwa ametamka kwamba bila ng'ombe wa madoadoa hamtoi mjukuu, na wazee wangekaa hadi saa nane tu. Baada ya hapo wangemsikiliza Mwita, mchimbaji mwenye pikapu mpya. Boaz alimpenda binti yule hadi chakula kilikuwa hakipiti.

Langoni aliketi Pantaleo, bwana mifugo, mlinzi wa mhuri, asiyepata kuacha kisanduku wazi tangu aajiriwe. Fomu yake ilikuwa ya Kiingereza.

"Hapa wanataka alama na idadi yake," alisema. "Naandika spots, yaani madoa. Wewe hesabu. Bila idadi, mnyama havuki."

Boaz akahesabu. Alifika sitini na nne, mtamba akageuka. Akaanza upya kutoka kichwa cha mtamba, akafika mia moja na mbili, mtamba akamjambia, na hesabu ikapotea pamoja na heshima. Saa tano ilipopita, akampigia simu shangazi yake.

Akaja Scolastika, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mvunja fimbo, mpanda bodaboda, kamusi kwapani! Pantaleo, aliyefundishwa naye, akainuka haraka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa, tunasoma. Neno lako si spots, ni speckle. Maana yake ni doa dogo, moja kati ya mengi yaliyotapakaa, kwenye ngozi au kwenye yai. Yaliyotapakaa, Pantaleo! Nani amewahi kuhesabu madoa ya yai?"

"Lakini mwalimu, mimi nataka Kiingereza halisi."

"Halisi? Soma asili yake! Waingereza walilichukua kwa Waholanzi zamani za kale. Lilivuka bahari bila chanjo wala kibali, na hakuna bwana mifugo aliyelizuia ufukweni. Leo limo kwenye kamusi limekunja nne, nawe unamzuia ng'ombe wa Maganga, mwenye chanjo zote, asifike Kahama?"

Wachuuzi wakashangilia. Pantaleo akamtazama mtamba, mtamba akamtazama Pantaleo, nami nakiri nilimwonea huruma.

"Sasa kwenye idadi niweke nini?" aliuliza kwa sauti ya darasa la tano.

"Andika ukweli, mwanangu."

Jasho likimchuruzika, akafuta spots, akaandika speckled, yaani mwenye madoa yaliyotapakaa. Na kwenye idadi akaandika: hayahesabiki. Mhuri ukashuka kwa kishindo.

Fuso liliingia Kahama saa nane kasoro dakika saba. Bibi akamzunguka mtamba mara moja, akapiga kigelegele, na Boaz akalia mbele za watu bila aibu. Mwita akawasha pikapu akaenda zake.

Basi na iandikwe, na wajukuu wa Loveness wasomewe: Tinde, Jumamosi, saa sita na robo mchana, serikali ilikiri kwa mhuri kwamba kuna kitu haiwezi kukihesabu.