Rangi ya Geti Kwenye Injini ya Corvedale

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Magari ya Corvedale,
Ludlow.

Ndugu Mwenyekiti Rodney Blakeway,

Rangi ya kijani iliyo kwenye injini ya gari langu aina ya Corvedale, ambayo klabu nzima imeiiga, haikutoka kiwandani. Ni rangi ya geti la bustani yangu. Nimelificha jambo hili tangu enzi ulipokuwa darasani kwangu ukihangaika na vitenzi vya Kilatini, na ninalitoa sasa kwa sababu daktari ameniambia, kwa upole, nisijisumbue kununua matairi mapya.

Huenda unatarajia niombe radhi. Hapana, ninalalamika. Mtu mmoja akidanganya, kosa ni lake. Lakini watu wazima wenye kurunzi na vioo vya kukuzia wakidanganyika msimu baada ya msimu, hilo ni suala la uongozi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mliniamini upesi mno. Gari nililinunua likiwa vipande ndani ya maboksi, pamoja na familia ya panya. Nilitafuta kila kipuri cha asili, hadi skrubu za vioo. Rangi ya injini ndiyo iliyonishinda: maonyesho yalikuwa Jumapili, na Ijumaa jioni nilikuwa na kopo moja tu, nusu, lililobaki baada ya kupaka geti. Jaji mkuu, marehemu Kapteni Fosdyke, akainama chini ya boneti. "Mwalimu, hii kijani umeitoa wapi?" Nikamjibu, "Ni ya magari ya mwanzo kabisa, Kapteni. Yalikuwa machache sana." Nilisubiri acheke. Akaandika. Nikapewa Kikombe cha Uasili, nikasimama nacho kupigwa picha.

2. Mkaniiga. Leo sioni injini ya Corvedale isiyo ya kijani, na duka la vipuri linauza makopo yenye maandishi "Kijani Halisi". Mwaka juzi nilinunua moja kwa ajili ya geti. Rangi yake haikufanana hata kidogo.

3. Hamkuishia kwenye rangi. Gari langu hudondosha oili upande wa kushoto kwa sababu gasketi niliifunga kinyume, na kuifungua tena nikaona uvivu. Sasa mwongozo wenu wa majaji unasema gari lisilodondosha hapo "litiliwe shaka". Nimemwona kwa macho yangu mweka hazina wetu, mtu wa kanisani, akilegeza nati nyuma ya hema la chai.

4. Hapa naomba uache kucheka, kama ulikuwa unacheka. Dilys Pugh, mjane wa rafiki yangu Idris, analo gari ambalo Idris alilinunua jipya, siku zile alipokuwa ndiyo kwanza amefungua chumba chake cha kung'oa watu meno. Injini yake haijawahi kutolewa. Mipira, nyaya, ngozi ya viti, vyote ni vile vile, na injini ni rangi ya damu ya mzee, kama ilivyotoka kiwandani. Kila mwaka mnampunguzia alama. Msimu uliopita jaji wenu alimwambia, mbele ya watu, "Mama Pugh, gari ni zuri, ila injini kuna mtu aliipaka ovyo."

Wiki iliyopita alikuja kwangu na keki ya ndimu. "Mwalimu," akasema, "Alhamisi fundi anakuja kuikwangua. Nimechoka kuambiwa mume wangu alikuwa mtu wa ovyo. Hebu niandikie namba ya ile kijani yako."

Nikamwandikia. Nilikosea tarakimu mara mbili, nikafuta. Akanishika bega akasema, "Pole, uzee huo," akanikatia kipande kingine.

Kwa hiyo Corvedale ya mwisho yenye rangi yake ya kweli itakwanguliwa Alhamisi ili ifanane na geti langu. Leo ni Jumatatu. Mpigie Dilys simu, Rodney. Ningempigia mwenyewe, lakini atanialika chai, nami nitakwenda, nitakula, na nitarudi nyumbani sijasema kitu. Najijua.

5. Mwisho ni ombi, na ninaamini ni la haki. Kikombe cha Uasili kichukueni. Kiko kabatini, kina vifungo vya mashati. Lakini Kikombe cha Mlio, kile cha injini yenye sauti bora, mniachie. Kiwekwe juu ya jeneza langu, na gari liwashwe uwanjani mwa kanisa wakati natolewa, hata kasisi akilalamika juu ya moshi. Rangi inaweza kusema uongo, mlio hauwezi. Majaji wenu walifumba macho mbele ya injini yangu na kusikia kabureta mbili zikivuta pumzi kwa pamoja, laini kama paka aliyeshiba. Kwamba sijakishinda kikombe hicho miaka ya karibuni ni uzee tu. Kurekebisha injini hadi iimbe namna ile ni kazi ya mtu mwaminifu, na mimi, angalau chini ya boneti, nilikuwa mwaminifu.

Nisalimie wanachama wote, wenye magari yanayowaka na wenye magari yanayosukumwa. Wasalimie akina mama wa hema la chai, ambao hawakuwahi kuniuliza habari za rangi. Mweka hazina mwambie akaze nati yake.

Wako mtiifu kwa muda uliobaki,

Ambrose Thirkettle
Mwalimu Mstaafu

Nyongeza: Nimeisoma barua tena na nimekwama kwenye namba tano. Kulinganisha kabureta mbili, mtu hutia ncha ya mrija wa mpira sikioni na ncha ya pili kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mvumo wa hii, kisha wa ile. Mimi masikio yangu yalikufa mapema. Wanafunzi mlijua, ndiyo maana mlikuwa mnapiga soga. Sijawahi kusikia mvumo wowote. Kila asubuhi ya maonyesho, kabla hamjafika, Idris ndiye aliyeinama kwenye injini yangu na mpira wake, akisikiliza kama alivyomsikiliza mgonjwa anayedai jino haliumi. Akimaliza alinipiga kofi la mgongo, "Haya, Ambrose, kachukue kikombe chako," kisha akaenda kusimama kando ya gari lake kusubiri mmpunguzie alama. Tangu afariki, hakuna aliyeigusa injini ile.

Kikombe cha Mlio mpeni Dilys. Na mwambieni hili, kwa kuwa mimi sitaweza: Idris aliijua rangi ile tangu siku ya kwanza. Geti tulilipaka pamoja.