Ng'ombe Sitini wa Mzee Kazimili

Khalidi hakuwa mwizi. Mwizi huingia kwa watu bila kukaribishwa, na Khalidi kila alikoingia alikaribishwa, akapewa kigoda, akaletewa na chai. Jambo hilo alipenda lieleweke vizuri. Alizaliwa Biharamulo mjini, katika ukoo wa wauza vitambaa ambao babu yao alitoka pwani na kanzu moja, na ufundi wote wa ukoo ule wa kupima kitambaa kwa mkono mfupi ulikuwa umehamia kwenye ulimi wake.

Mwaka ule wa tisini na tano alikuwa akishinda Benaco, penye kambi ya wakimbizi, kwenye kibanda cha chai kando ya barabara ya malori. Asubuhi moja, mbele yake wakimbizi walikuwa wamejipanga na madumu kungoja maji, foleni isiyoonekana mwisho. Nyuma yake wenyeji wawili walikuwa wakilalamika kwamba miti yao imekwisha kwa kuni na mihogo imeng'olewa ikiwa bado midogo. Mmoja akasema wenye mali iliyoharibika watalipwa fidia.

"Umesikia kwa nani?" mwenzake akauliza.

"Nimesikia tu."

Khalidi akaweka kikombe chini. Kwa mtu wa kazi yake, "nimesikia tu" ni shamba lililokwisha kulimwa, linangoja mbegu. Hakuuliza kama habari ni ya kweli. Angeuliza ya nini?

Mbegu alikuwa nayo begani. Ilikuwa kamera ndogo ya sinema, ile ya mkanda mwembamba kama utepe wa kanga, wa picha nyeusi na nyeupe zisizo na sauti. Aliachiwa na fundi mmoja Mzungu wa matangi ya maji, mtu mzima mwenye ndevu, ambaye kila Jumapili alijitengenezea visinema vya dakika tatu: yeye na wenzake wanakimbizana, wananyang'anyana kofia, wanaanguka kwenye matope. Khalidi ndiye aliyembebea ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Alijifunza kuikaza springi kwa ufunguo kama saa ya ukutani, kupachika mkanda kivulini, na kuugeuza unapofika nusu. Mzungu alipoondoka alimwachia kamera na mikanda minne.

Mkanda wa kwanza Khalidi aliutumia kwa uaminifu, na nalitaja hilo kwa sababu halikutokea tena. Alipiga harusi Kibimba. Mkanda ukapelekwa Ulaya kusafishwa, ukarudi baada ya miezi mitatu, na ndani yake maharusi hawakuwa na vichwa. Lakini ujira alikuwa amekwisha kuula, na wenye harusi walikuwa wamekwisha kugombana, hakuna aliyeuliza picha. Hapo Khalidi akaelimika. Mkanda ni ghali, lakini mlio wa kamera ni bure. Mikanda mitatu iliyobaki akaiuza, na tangu siku hiyo kamera yake ilikazwa, ikalia krrrr, na tumboni mwake hamkuwa na kitu ila hewa.

Sasa alitaka kibanda chake mwenyewe pale Benaco, chenye bati na kufuli. Mjanja mwenye kibanda haitwi tena mjanja, anaitwa mfanyabiashara, na Khalidi alikuwa amechoka kuhama kila watu walipoanza kuuliza picha zao. Bei ya kibanda ilikuwa mtamba mmoja mnono. Akashika njia kwenda Nemba, kwa mtu aliyesifika kwa mambo mawili, ng'ombe na uchoyo.

Mzee Kazimili alikuwa Msukuma aliyehamia kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja na majivuno ya ng'ombe mia. Alimpokea mgeni akiwa ameketi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hilo dude ni la nini?"

"La fidia, mzee."

Kazimili akasogeza kigoda cha mgeni karibu na chake, jambo ambalo mkewe Ng'washi hakuwa ameliona likifanyika tangu aolewe.

Khalidi akaeleza. Wakubwa wa misaada wamechoka na barua, maana kila barua inasema uongo. Sasa wanataka sinema. Mtu aonyeshe mali aliyokuwa nayo kabla ya wakimbizi kuja, halafu waje wahesabu iliyobaki. Tofauti wanalipa.

"Lakini mimi ng'ombe wangu hawajaibwa," alisema Kazimili, na kwa haki yake nasema kwamba ukweli huo ulimtoka bila kukusudia.

"Kwani nimeuliza, mzee?"

Wakatazamana kwa heshima.

"Kabla ya wakimbizi ilikuwa zamani," Kazimili akasema baada ya kufikiri. "Wewe unapiga leo. Watajua."

"Ndiyo maana nikaja mimi, asije mwenye kamera ya rangi. Rangi ni ya leo. Nyeusi na nyeupe ni ya zamani, Mzungu akiiona tu anaanza kukumbuka marehemu zake. Ng'ombe ulikuwa nao wangapi?"

"Sitini," akasema Kazimili, na alipolisikia neno hilo kinywani mwake aliliamini.

Hivyo ndivyo watu waliokuwa wakigombea ndoo ya maji Benaco walivyokula ng'ombe arobaini na tisa wa Mzee Kazimili, bila kumjua, bila kufika Nemba, na bila hata kuonja supu.

Kazi ikafanyika kesho yake jua likiwa kali. Khalidi alisimamisha kamera karibu na kichuguu. Ng'ombe walipita mbele yake, wakazunguka nyuma ya migomba, na huko Ng'washi na binti zake walikuwa wakingoja na beseni la majivu na beseni la mkaa uliosagwa na kukorogwa kwa maji. Mwekundu alipakwa akawa mweusi. Mweusi alipigwa mabaka ya majivu. Kisha wakapitishwa tena, na tena, mpaka mara ya tano. Dume moja lenye pembe iliyovunjika liliruhusiwa kupita mara moja tu, maana pembe haipakwi mkaa.

Kazimili mwenyewe aliigiza tajiri. Alivaa koti la marehemu baba yake, akaashiria ng'ombe kwa fimbo, akacheka bila sauti kama alivyoagizwa.

"Cheka zaidi, mzee. Wewe ni mtu wa sitini."

Krrrr, ikalia kamera tupu, na Kazimili akacheka mpaka machozi.

Lakini ng'ombe kumi na mmoja ni wachache hata wakipakwa, na wake walikuwa wamekonda. Asubuhi ile Kazimili alikuwa ameazima mtamba mmoja kwa jirani yake Auleria, mjane wa Kisubi aliyekuwa na ng'ombe wanne na akili timamu. Mtamba yule alikuwa mwekundu, mnono, ngozi inameremeta. Mama Auleria alimtoa kwa sababu aliambiwa sura ya mtamba wake itatazamwa Ulaya, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo akili yake timamu ilikwenda kutembea.

Jua lilipoinama, Khalidi akakunja miguu mitatu na kudai ujira wake.

"Chagua mwenyewe," akasema Kazimili. "Mimi si mtu wa kubana mkono."

Mtu wa mjini hujua bei ya ng'ombe, lakini ng'ombe mwenyewe hamjui. Khalidi alipita katikati ya zizi, akabonyeza mbavu, akamwacha huyu na yule, akasimama kwa mtamba mmoja mnono kuliko wote, mweusi tii, tumbo jeupe.

"Huyu."

Kazimili akatazama mtamba wa Auleria, akatazama mkaa ulivyoshika vizuri. Moyoni alikuwa ametenga ng'ombe wa kutoa, mzee asiye na meno, na usiku kucha alikuwa amemlilia. Sasa Mungu amemwondolea hata huyo.

"Una jicho, kijana," akasema.

Ng'ombe hatembezwi barabarani bila barua ya kijiji, na barua hutaja rangi, maana kwa wafugaji rangi ndiyo jina. Kazimili mwenyewe alikwenda kumtoa karani kwenye pombe, akarudi na barua yenye mhuri: mtamba mmoja mweusi, tumbo jeupe, mali ya Kazimili, amepewa Khalidi. Khalidi akaisoma, akamtazama mtamba, akaona vinalingana. Akalala usingizi wa mfanyabiashara.

Aliondoka alfajiri. Kabla ya saa nne mvua ikamkuta. Mjanja alivua koti akaifunika kamera, akajibanza chini ya baraza la kinu cha unga, na mtamba akamwacha nje kwenye mti. Ilikuwa mvua ya haki, ilinyesha bila kubagua. Ilipokatika, mtamba mweusi alikuwa amesimama katikati ya dimbwi la wino, mwekundu kama alivyozaliwa.

Khalidi hakupata hata nafasi ya kutukana. Filimbi zililia pande tatu. Kumbe jua lilipochomoza tu, Kazimili alikuwa amekwenda kwa Mama Auleria, ameshika kichwa kwa mikono miwili, kumweleza kwamba yule kijana wa kamera ametoweka na mtamba wake. Mama Auleria alipiga yowe. Na yowe la ng'ombe likipigwa Nemba, sungusungu hawaulizi lilikotoka, wanauliza waelekee wapi.

Kamanda wao, Fabiani, alikuwa mzee mpole, mwembamba, mwenye upinde begani. Wezi wa ng'ombe waliogopa upole wake kuliko upinde. Aliketi kwenye gogo mbele ya kinu, akataka barua, akaisoma mpaka kwenye mhuri.

"Barua inasema mweusi," akasema. "Huyu ni mwekundu."

"Alikuwa mweusi, mzee. Mvua imemnyeshea."

"Mvua ya huku kwetu ni maji tu."

Watu wakacheka, Khalidi naye akajaribu kucheka, akaona haifai. Alijua afanywavyo mwizi wa ng'ombe. Fimbo ni mwanzo tu, na kila afikapo filimbi humtangulia. Kibanda cha Benaco kikamtoka akilini. Akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi, akasema kweli. Alisema yote, majivu, mkaa, kupita mara tano, sitini, fidia. Kweli ilimtoka kwa shida, kwa kukosa mazoezi.

Kazimili, aliyekuwa amefika pamoja na Auleria, alisikiliza kwa huzuni.

"Mke wangu ana kazi za kutosha," akasema, "hana nafasi ya kupaka ng'ombe wanja. Mimi nilimpa mtamba wangu mweusi, barua ndiyo hiyo. Sasa naona ana mwekundu wa mama huyu. Naomba anieleze mweusi wangu amemuuza wapi."

Khalidi alimtazama kwa mdomo wazi. Katika miaka yote ya kazi yake hakuwa ameona uongo uliosimama wima namna ile, tena kwa mtu asiyesomea.

Fabiani akakuna kidevu. Hakuwa mtu wa kuonea.

"Unasema ulipiga sinema ng'ombe wakipakwa na kupitishwa."

"Ndiyo, mzee."

"Basi mambo ni mepesi. Sinema itasema."

Khalidi akaivuta kamera kifuani. Kisha akasema mkanda ni lazima upelekwe Ulaya, miezi mitatu.

"Tutangoja. Utakuwa unatuchungia."

"Na kamera haifunguliwi, mzee. Mwanga ukiingia picha zinakufa."

"Hilo nalijua, niliwahi kufanya kazi kwa mpiga picha Mwanza." Fabiani akainuka. "Hatutaiua picha ya mtu. Leteni blanketi."

Wakaingia ndani ya kinu. Dirisha likazibwa kwa magunia, mlango kwa blanketi, na watu wazima sita wakajipanga nje kuzuia hata mwanga wa kwenye nyufa. Humo gizani, kwa adabu ambayo kamera ile haikuwahi kuipata kwa mwenyewe, Fabiani alikifungua kifuniko na kuingiza vidole viwili. Akapapasa taratibu. Akapapasa tena. Nje, Khalidi alikuwa akimwomba Mungu muujiza wa mkanda mmoja tu, hata wenye maharusi wasio na vichwa.

Fabiani akatoka.

"Hamna kitu," akasema.

Hukumu haikuchukua muda. Mtamba alirudi kwa Mama Auleria, na Khalidi akapewa mama huyo awe mchungaji wake kwa mwaka mzima, kwa chakula tu. Kwa ajili ya mtamba mweusi aliyepotea, ambaye hakuwahi kuwapo duniani, Kazimili akapewa kamera pamoja na miguu yake mitatu. Kazimili aliipokea akilalamika kwamba amepunjwa.

Mwezi haukuisha. Mchana mmoja Khalidi akiwa amewarudisha ng'ombe kunywa maji, alimkuta Mama Auleria ameketi uani, anawaza.

"Khalidi, wewe kazi hii unaijua. Mzee Kazimili anapiga watu sinema za fidia. Anataka mbuzi mmoja. Ni bei ya haki?"

Khalidi akaweka fimbo chini.

"Mama, wewe ulikuwapo pale kinuni. Kamera ile ndani hamna kitu. Alisema kamanda mwenyewe."

"Alisema. Lakini wakati ule ilikuwa ya kwako," Mama Auleria akamjibu bila ubaya wowote. "Sasa ni ya mtu mwenye ng'ombe. Hata kamanda amepigwa sinema jana, yeye na mke wake."

Khalidi akaiokota fimbo yake. Mama Auleria akainuka, akachagua mbuzi mwenye afya, akamfungua kamba.

"Mpeleke upesi," akasema, "kuna foleni."

Khalidi akaichukua kamba, akamvuta mbuzi mpaka kwa Mzee Kazimili, akashika foleni nyuma ya watu tisa.