Bendi Yangu Juu ya Barafu

Jumamosi, 21 Desemba

Likizo imeanza. Ya wengine, si yangu. Jana mwalimu mkuu, Bi. Marit Engebretson, aliniita ofisini, akanimiminia kahawa, akaniambia kwa upole kwamba mwezi wa Januari bodi ya shule itachagua: bendi au kwaya. Itabaki ile inayopendwa na mji. Nyingine kwaheri. Yaani mimi, Halvor Nygaard, niliyeongoza bendi miaka kumi na tisa, nitapelekwa kufundisha jiografia! Naichukia jiografia.

Mpango: mji hauji kwa bendi, basi bendi iende kwa mji. Nyumba kwa nyumba, na nyimbo za Krismasi. Kati ya wanafunzi thelathini wametokea tisa. Baridi ya kukata masikio. Nyumba ya kwanza, safi kabisa. Ya pili, vitufe vya tarumbeta vikaganda. Ya tatu, midomo ya Solveig, msichana wetu wa tuba, ile tarumbeta kubwa ya besi, ikanasa kwenye chuma. Tumeibandua kwa kakao ya moto. Kakao yote imeingia ndani ya tuba.

Mwenye nyumba alitusikiliza dirishani mpaka mwisho, akasema muziki wetu ni tofauti kidogo. Niliona aibu hadi kwenye soksi. Hapa Minnesota hatusemi kitu ni kibaya. Hata chakula tunasema ni tofauti, kisha tunampa mbwa.

Jumapili, 22 Desemba

Leo nimetumia akili. Nyumba ya wazee! Kuna joto, kuna viti, na wasikilizaji hawana mbio.

Nimefika nikamkuta Carla DiNapoli, mwalimu wa kwaya, ameshanitangulia na watoto wake. Huyu mama alihamia hapa Elverud miaka miwili iliyopita kutoka New Jersey. Anacheka kwa sauti. Anakumbatia watu asiowajua. Wazee walikuwa wanafuta machozi ya furaha, basi nikachukia zaidi. Akanipigia kelele toka upande wa pili wa ukumbi: "Halvor! Njooni mpige na sisi bwana, acha kununa!" Nikamjibu kwamba bendi yangu haimsindikizi mtu.

Zamu yetu ikafika. Nikachagua wimbo wa kishindo ili tuwafunike. Kabla ya ubeti wa pili wazee wakaanza kuvua mashine zao za kusaidia kusikia, mmoja baada ya mwingine, na kuzipanga mezani bila fujo. Bi. Borghild, mwenye miaka tisini na sita, alinishika mkono akasema, "Mwanangu, angalau mmekuja."

Nimemwandikia mwalimu mkuu kwamba tulipokewa vizuri.

Jumatatu, 23 Desemba

Ushindi! Kisha balaa. Nieleze kwa utaratibu.

Jioni tulikuwa kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa, kwenye chakula cha samaki wa magadi, yule anayelowekwa mpaka anakuwa kama jeli na kutetemeka kwenye sahani. Mji mzima ulikuwepo, bodi ya shule nzima, midomo inang'aa siagi. Bi. Ardis Haugen, mkuu wa kamati ya mti wa Krismasi, akasimama kutangaza nani atapiga muziki kesho taa za mti zikiwashwa kule ziwani, juu ya barafu. Miaka yote huwa ni kwaya. Safari hii akataja bendi! Nikajipakulia samaki wa pili, na wala simpendi.

Hapo ningekaa kimya. Lakini nilimwona mwenyekiti wa bodi ananitazama, nikawaza: ngoja aone moyo wangu mkubwa. Kila mtu hapa anajua adabu. Ukipewa kitu unakataa. Ukipewa tena unakataa tena. Mara ya tatu unakubali, tena kwa kunung'unika kidogo. Mimi nilipanga kutoa mara mbili tu, nikataliwe mara mbili, nisifiwe, kisha nikae na nafasi yangu.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti nzito kwamba kwa heshima ya kwaya, namwachia Bi. DiNapoli nafasi ile.

Akaruka. "Kweli? Asante sana jamani! Tunaichukua!"

Mara ya kwanza! Mtu akaangusha uma. Bi. Ardis alinong'ona, "Maskini, hajalelewa huku." Lakini kalamu yake ilikuwa imeshaandika kwaya.

Jumanne, 24 Desemba

Sijakata tamaa. Bendi imejificha ndani ya kibanda changu cha kuvulia samaki, hapohapo juu ya ziwa lililoganda, hatua hamsini kutoka kwenye mti. Watoto tisa, mimi, ngoma kubwa, na tundu la barafu katikati. Mpango: kwaya ikivuta pumzi tu, tunatoka kwa shangwe, mji unatupenda papo hapo.

Kwaya ikavuta pumzi. Tukatoka. Nikapunga kijiti. Tarumbeta kimya! Tuba kimya! Zimeganda zote, na ya Solveig ina kakao. Kilicholia ni ngoma kubwa peke yake, ameipiga Dewey, kijana wetu wa ngoma, kwa nguvu zake zote.

Duuum!

Hapa ziwani mlio huo una maana moja. Mtu akapaza sauti, "Barafu inapasuka!" Watu mia tatu wakatimua mbio kwenda nchi kavu. Mchungaji alimpita mbwa. Bi. Borghild alinipita mimi, na kigari chake cha kutembelea! Dewey alidhani wanakimbilia muziki, akazidi kupiga.

Barafu ilikuwa nzima. Carla akawakusanya watoto wote, wake na wangu, akawapeleka chini ya kanisa wakaote moto. Mimi nilirudi kibandani. Sikuwa na uso wa kumwonyesha mtu.

Baada ya saa moja hivi nikasikia muziki kutoka kanisani. Mzuri mno! Tarumbeta laini, kwaya juu yake, mji mzima unaimba. Nikajua Carla ameleta bendi kutoka mji mkubwa kunimaliza. Nililia kidogo. Nikavua samaki mmoja, mdogo.

Alhamisi, 26 Desemba

Bi. Marit amepiga simu. Ile haikuwa bendi ya mji mkubwa. Ilikuwa yangu! Barafu ya kwenye vyombo vya muziki iliyeyuka karibu na jiko, watoto wakapiga na kwaya bila kuongozwa na mtu. Bodi ilikuwepo, ikalia, ikaamua palepale: bendi inabaki, kwaya inabaki, zitakuwa kundi moja. Kiongozi wataelewana walimu wenyewe. Nimeruka mpaka nimegonga kichwa kwenye taa.

Saa nne Carla mwenyewe akapiga. Akasema niongoze mimi, yeye atapiga piano, bendi ni yangu bwana. Nilitaka kupiga kelele za furaha. Lakini mimi nimelelewa. Nikajibu, "Aa, hapana, hapana, usijisumbue, ongoza wewe."

Akasema, "Basi sawa, nitaongoza mimi," akakata simu.

Sasa ni saa kumi. Nimekaa kando ya simu, sijaenda hata chooni. Bado atauliza mara mbili.