Kumpeleka Mathe Kisiwani

Jumatatu, 4 Agosti

Kutoka Mashimoni hadi Kawangware hakuna kichwa kama changu. Shule niliiacha Form Two kwa sababu walimu walikuwa wameanza kuniogopa. Leo nimetangaza nyumbani: familia inaenda likizo kisiwani! Familia ni mimi, mathe aliyenizaa, na dadangu Trizah, ambaye alicheka hadi chai ikamtoka puani.

Mathe hakucheka. Yeye hufulia watu nguo kule kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, na tajiri wake amesafiri. Amepata wiki nzima ya kupumzika, ya kwanza tangu Trizah azaliwe. Mtaani wanamwita Nyar Nam, binti wa ziwa. Kumbe alizaliwa hapa Soweto West, na ziwa hajawahi kuliona hata siku moja. Aliniuliza polepole kama huko kisiwani mtu huruhusiwa kuingiza miguu majini. Nikamwambia miguu ni kitu kidogo, ataingia hadi magoti.

Imebaki tu kujua ni kisiwa gani.

Jumanne, 5 Agosti

Kawangware, kwa Mjomba Lazarus, dereva wa basi. Nikamkuta na mtoto wake Marvin, yule aliyeenda Mombasa mara moja na kwaya na mpaka leo anaongea kama amezaliwa na pweza. Akauliza kama tutavuka bahari na karai la mathe la kufulia. Nikampuuza. Watu wakubwa hupuuza.

Mjomba akaniokoa bila kujua. Alhamisi anapeleka watu matangani Rusinga. Rusinga! Si hicho ni kisiwa? Jua kiko nalo, mchanga kiko nao, minazi tutajua huko mbele. Viti vimebaki. Shida ni moja: ni vya waombolezaji tu, na kamati ya mazishi inakutana leo jioni.

Nimekuwa mwombolezaji.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao cha jana. Marehemu ni Mzee Ogweno, miaka tisini na mmoja, ameenda ameshiba siku zake. Mwenyekiti alizunguka akiuliza kila mtu ni nani kwa marehemu. Wa kanisa. Wa plot. Wa kazini zamani. Sasa, Marvin, ambaye hupiga ngoma kwenye kwaya inayosafiri, alikuwa ameninong'onezea kwamba wakwe hupewa hema lao, viti vya kuegemea na kuku. Kuku! Zamu yangu ikafika. Nikasimama nikasema sisi ni wakwe. Mzee alikuwa na mabinti tisa. Nani atahesabu?

Mwenyekiti akanikumbatia. Ati hakuna mkwe hata mmoja alikuwa amejitokeza, na ilikuwa imeanza kuwa aibu. Akaniandika kwenye programu, kwa jina la uongo nililompa. Kisha akauliza ng'ombe tunayeleta ni wa rangi gani.

Hakuna mtu alikuwa ameniambia wakwe huja na ng'ombe! Nikasema kahawia. Sijui kwa nini kahawia. Marvin alikuwa nyuma anauma kola ya shati.

Alhamisi, 7 Agosti

Safari. Ukweli nilimpa mathe tulipopita Narok, mahali hawezi kushuka.

"Tonny, mimi nimeoza nani huko?"

Nikamwambia hakuoza binti, aliniozesha mimi. Nimeoa binti wa sita. Akafunga macho akaomba mpaka Bomet. Trizah alitaka kujua kama wifi yake ni mrembo.

Ijumaa, 8 Agosti

Jana tulivuka daraja kuingia kisiwani. Mathe alikuwa amekaa katikati ya ngoma na shada la maua, kwa hivyo ziwa aliliona kama kipande cha bati kinachong'aa. Akasimama kuangalia. Akaambiwa akae.

Lakini leo! Wamemkalisha kwenye hema kama askofu. Msichana alikuja na jagi akamnawisha mikono. Mathe alijaribu kuinuka aoshe vikombe, wanawake watatu wakamrudisha kitini, ati mkwe hagusi sufuria. Hakujua mikono aiweke wapi. Akaiweka mapajani, akaanza kuzoea.

Mimi nililetewa firigisi, heshima ya mkubwa wa wakwe. Marvin akapita karibu akikohoa jina langu halisi. Firigisi ikaenda kwake.

Wanauliza ng'ombe yuko wapi. Asubuhi nilisema Homa Bay. Jioni nikasema Mbita. Anatembea vizuri.

Kasoro moja ndogo: wakwe hawazururi kwenye boma la watu. Ziwa liko pale chini tu, nyuma ya jikoni. Mathe analisikia.

Jumamosi, 9 Agosti

Mazishi. Nikaitwa mbele niongee kwa niaba ya wakwe, na nieleze ng'ombe. Kipaza sauti mkononi, watu kama mia nne, jasho hadi kwenye soksi. Nikasema ng'ombe amefika darajani na amekataa kuvuka.

Niliona Mjomba Lazarus akitafuta funguo za basi mfukoni.

Kisha mjane wa Mzee akaanza kucheka, mabega yakitingika. "Hata Ogweno alilikataa hilo daraja mpaka akafa. Alipanda mashua tu. Huyo ng'ombe ni wetu."

Boma lote likacheka. Mathe alijifunika uso na leso, nikajua analia, kumbe wapi. Wamesema ng'ombe nimlete Desemba. Nikasema nitaleta wawili.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumbani. Mathe amerudi Highrise akiimba nyimbo za kwaya. Amewaambia majirani hajawahi kukaa kwa raha namna hiyo. Marvin anasema matanga si likizo. Wivu.

Desemba Rusinga itabidi ingoje, maana nimesikia Bi Zeinabu wa pale juu ana harusi Lamu. Nimeshamwambia sisi ni upande wa bwana harusi. Akauliza tutabeba nini. Nikasema kitanda.

Yote yalienda sawa isipokuwa kitu kimoja, na nakiandika hapa kwa sababu Trizah hajui mahali naficha daftari. Jumapili alfajiri, kabla basi halijapiga honi, boma lote likiwa limelala na hakuna wa kuwaona wakwe wakizurura, mathe alikuja mlangoni na viatu mkononi. Aliogopa kushuka ziwani peke yake. Aliniita mara mbili, kisha akarudi kulala. Nilikuwa nimeshiba, na blanketi lilikuwa limeshika joto.

Nilimsikia.